Somo la mapafu lianzie kwenye ufagio

Mhariri,

Kiangazi kimeingia, na upepo wa Dodoma tunaujua. Katika shule zetu nyingi, kabla ya kengele, watoto wanafagia uwanja mkavu huku vumbi likiwapanda usoni. Taka zinasukumiwa shimoni na kuchomwa, plastiki zikiwemo. Muda mfupi baadaye, watoto hao hao wanachora mapafu kwenye madaftari na kukariri: pua, koo, bomba la hewa. Hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Mimi ni mwalimu wa Sayansi shule ya msingi, na jambo hili linaniuma. Mtoto aelezwe kwamba vumbi kubwa hunaswa na vinyweleo na kamasi ya pua, lakini zile chembe ndogo kabisa za moshi, zisizozidi maikromita 2.5, yaani karibu mara 30 chini ya unene wa unywele, hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, nyingine zikaingia hata kwenye damu. Kwa mwenye pumu, njia za hewa husinyaa, kifua kikabana. Tukimsikia anakohoa mwezi wa nane, tusiishie kusema ni mafua ya upepo.

Vifaa si kisingizio. Vipande vya kadi nyeupe vipakwe mafuta ya mgando, kimoja kiwekwe darasani, kingine jikoni penye kuni, kingine kando ya barabara wanakopita malori ya kokoto. Kesho yake watoto wahesabu chembe kwa lenzi. Mwalimu asisahau kuwaambia kwamba zile hatari zaidi hazitaonekana hapo.

Wakishaona, watauliza kwa nini tunafagia bila kunyunyiza maji. Najua maji kwetu ni shida, ila yale ya kunawia mikono yanatosha kulaza vumbi la mlangoni. Watauliza pia habari ya kuni, maana Serikali ilikwisha agiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Ni maswali ya haki, tuwe tayari kuyajibu.

Ninachoomba kwa maofisa elimu wa Jiji kianze muhula huu: uchomaji wa taka shuleni ukome, na mtoto mwenye pumu asipangiwe kufagia. Apewe kumwagilia miti.

Mwalimu wa Sayansi,
Nzuguni, Dodoma