Jani la isale halinunuliwi: barua ya wazi kwa vijana niliowafundisha kipaimara

Vijana wangu, Bwana Yesu asifiwe.

Ninawaandikia ninyi nyote mliopitia darasa langu la kipaimara hapa Old Moshi, wale ambao sasa mna watoto na wale ambao sauti zenu zimevunjika juzi tu, na ninaandika nikiwa na hasira. Ningengoja ishuke kwanza, lakini nina miaka 78, na mtu wa umri huu hapaswi kuahirisha mambo.

Mwenzenu mmoja, ambaye sitamtaja na ninawaomba nanyi msimtaje, alikabidhiwa fedha za sare za kwaya, shilingi 640,000, akazibetia zote. Mkeka wa kwanza, yaani tiketi ya kubeti, ulichanika, akaweka wa pili ili arudishe wa kwanza, na wa tatu ili arudishe yote mawili, mpaka zikaisha. Jambo hilo lilinisikitisha, ila halikunikasirisha, kwa sababu wanadamu wameanguka tangu Edeni na mimi mwenyewe nina magoti yenye makovu. Kilichonikasirisha ni yaliyofuata. Kwanza ni ninyi, mliofanya anguko lake kuwa kichekesho katika kundi lenu la WhatsApp kwa siku tatu, mkimtengenezea picha za utani, na miongoni mwa waliocheka ninawajua wanne ambao nao hubeti kila Jumamosi, tofauti ikiwa tu kwamba fedha wanazopoteza ni zao. Pili ni yeye mwenyewe. Hakwenda kwa mchungaji, hakuja kwangu, hata mama yake hakumwambia. Alikopa kwenye simu, akampelekea mhubiri mmoja sadaka ya kufuta laana, akapewa kichupa cha mafuta. Nilipompigia aliniambia kwa heshima zote, "Babu, niache kwanza nijiweke sawa na Mungu. Nikishakuwa sawa nitarudi kanisani."

Sentensi hiyo imeninyima usingizi, maana mwalimu wake ni mimi. Kijana huyu aliweza kukariri Katekisimo Ndogo ya Luther bila kukosa neno, na siku ya mtihani mbele ya wazee wa kanisa nilijivuna kwa ajili yake. Kumbe nilimpa maneno yakakaa mdomoni, na siku ya shida akayapita na kwenda kununua kichupa.

Kila mwaka tunaadhimisha Matengenezo ya Kanisa, mnavaa vizuri na kuimba vizuri zaidi, nasi tunawasimulia jinsi Martin Luther alivyotoa hoja zake 95 Oktoba 31, 1517, akipinga biashara ya vyeti vya msamaha. Kisha tunatoka nje, na juma lisilozidi moja baadaye Mlutheri aliyeimba sauti ya pili anatuma fedha, pamoja na ya kutolea, ili alaniwe kidogo kuliko jana. Sisi wa Moshi hatuwezi kusema kwamba hatukuonywa. Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa katika msukumano wa kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Siwalaumu marehemu hata kidogo, kwa kuwa walikuwa wanatafuta msaada wa Mungu kama ninavyoutafuta mimi kila asubuhi. Ninachouliza hadi leo ni nani aliyewafundisha watu wetu kwamba neema ni kitu kidogo, kinachoweza kuisha kabla mtu wa nyuma hajafika.

Sasa sikilizeni jambo la nyumbani. Mnaijua mimea ya isale inayozunguka mipaka ya vihamba vyetu, mashamba yetu ya nyumbani. Kwetu Uchaggani mtu akimkosea mwenzake kosa zito, hulichukua jani hilo na kulipeleka kwa aliyekosewa, au hutuma mzee alipeleke kwa niaba yake, na aliyekosewa akiletewa isale hana budi kusamehe, hata kama moyo bado unachemka. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika mlimani mwaka 1893 jani hilo lilikuwa linafanya kazi yake siku nyingi. Hakuna aliyewahi kuliuza sokoni, wala hakuna aliyepimiwa ukubwa wa jani kwa ukubwa wa kosa.

Lakini hata isale ina mpaka wake, kwa sababu anayelibeba ni mkosaji. Paulo anapowaandikia Wakorintho waraka wa pili, sura ya 5, anasema kana kwamba Mungu ndiye anayesihi kwa vinywa vya mitume, akiwaomba watu wapatanishwe naye. Aliyekosewa ndiye anayekuja na jani mlangoni kwa mkosaji! Nimefundisha miaka 31, na mstari huo bado hunitoa machozi, pengine kwa sababu ninajua jinsi mzee wa Kichagga anavyoona aibu kumfuata mtoto aliyemkosea. Baba yule wa mwana mpotevu, katika Luka 15, alikwenda mbio. Fikirini mzee wa heshima anakimbia kwenye njia ya katikati ya migomba, majirani wakichungulia, kumkimbilia kijana anayenuka nguruwe. Kijana huyo alikuwa ameandaa hotuba yenye ombi la mwisho, afanywe kama mmoja wa watumishi, yaani alipe kwa jasho mpaka awe sawa. Someni mstari wa 19, kisha mstari wa 21. Maneno ya utumishi hayapo tena, kwa kuwa baba hakungoja, akaagiza vazi.

Najua mtaniuliza, kama Paulo anavyouliza katika waraka kwa Warumi, kama basi tuendelee kubeti ili neema izidi. Hasha. Shilingi 640,000 ni za kwaya na atazilipa, hata kwa kubeba kahawa za watu. Ila shikeni utaratibu wa Zakayo: Bwana alijialika nyumbani kwake kwanza, ndipo Zakayo akasimama na kusema atarudisha mara nne. Angesubiri amalize kulipa ndipo ashuke mtini, angekufa juu ya mkuyu.

Kuhusu vishawishi vingine sina mengi. Pombe mnaijua, na mnajua imemzika nani katika kila ukoo. Mwili wa mtu si wa kujaribia. Mkopo wa simu uchukuliwe kwa ugonjwa, si kwa viatu. Anayekuomba siri dhidi ya wazazi wako ana jambo. Na siku mnapoamka hamhisi chochote moyoni, msiufanye moyo kuwa hakimu; kumbukeni mlibatizwa, jambo ambalo Mungu alilifanya mkiwa mnalia na hamjatoa hata sarafu.

Nisiwaseme ninyi tu. Sisi wakubwa ndio tuliowaonyesha kwamba Mungu hupendezwa na mwenye kitu. Kila Desemba ndugu zetu wanapopanda nyumbani kutoka Dar es Salaam, tunawapa viti vya mbele kwa kuangalia gari, na kwenye mnada wa baada ya ibada jogoo mmoja hupandishwa bei mpaka mjane aliyemleta anaona haya. Hatuulizi fedha zilikotoka. Kijana anayetazama hayo akijifunza kubeti, nani atashangaa?

Nami nina deni langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mzee wa kanisa, na binti mmoja alipata mimba, nasi tukamtenga. Niliinua mkono pamoja na wengine. Kijana aliyempa mimba aliendelea kuimba besi, na sote tulimjua. Binti yule hakurudi kundini, alihamia mbali, nami nimemwombea kila Kwaresima bila kupata ujasiri wa kumtafuta. Ndiyo maana safari hii sikubali kukaa.

Jumamosi hii saa nne asubuhi nitakwenda nyumbani kwa mwenzenu. Nitakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba changu na kumpelekea, ingawa aliyekosa ni yeye, na watakaosema mzee amechanganyikiwa waseme. Anayetaka kufuatana nami anikute njia panda ya kanisani, hasa wale waliotengeneza picha, na simu waziache nyumbani. Mama yake nimekwisha kumwambia asihangaike kupika.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu wa kipaimara,
Old Moshi