Ramani ya Yorkshire uliyonitumia

Mwanangu mpendwa,

Picha ya ramani ya Yorkshire, jimbo la kaskazini mwa Uingereza, uliyoikuta dukani huko London imenifikia. Nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Umeniuliza Thomas Jefferys alikuwa nani. Alikuwa mchapaji ramani wa karne ya kumi na nane. Basi kaa nikueleze, mama, maana mtu huyu nampenda.

Alikuwa na duka Charing Cross, London, pembeni mwa St Martin's Lane. Kila ramani ilianzia kwenye bamba la shaba. Mchongaji alichora mito, vijiji na majina yote kinyume, ili yakichapwa yasomeke sawa. Bamba lilipakwa wino, likafutwa hadi wino ukabaki ndani ya michoro tu, likalazwa karatasi yenye unyevu na kupitishwa kwenye rola. Rangi zilipakwa kwa mkono. Karatasi zilikwisha, lakini bamba lilibaki kuwa mali: liliuzwa, likarithiwa.

Ndiyo maana wengi walinunua mabamba makuukuu, wakabadili mwaka na jina, wakaendelea kuuza. Jefferys naye alichapa kazi za wengine, zikiwemo chati, yaani ramani za baharini, za kisiwa cha Newfoundland zilizopimwa na baharia James Cook, na mwaka 1760 akapewa cheo cha mwanajiografia wa Mfalme George III. Angeweza kutulia hapo.

Lakini mwaka 1759 Society of Arts, chama cha London cha kukuza sanaa na ufundi, ilikuwa imeahidi zawadi ya hadi pauni 100 kwa atakayepima upya jimbo zima, inchi moja ya ramani kwa kila maili ya ardhi. Pauni 100! Mimi nimevuta mnyororo wa kupimia ardhi juani miaka thelathini, najua hazitoshi. Wapimaji wanakula, na mvua ikinyesha wiki nzima unalipa bila kupata hata mstari mmoja. Jefferys alipeleka watu majimbo ya Bedfordshire, Huntingdonshire na kwingineko, fedha zikitoka kabla ya karatasi ya kwanza kuuzwa. Mwaka 1766 alifilisika.

Hapo ndipo ninapomheshimu. Mabamba yake mengi yaliangukia kwa Robert Sayer wa Fleet Street, lakini upimaji wa Yorkshire haukusimama. Jefferys alifariki 1771, na ramani unayoiona, yenye karatasi 20, ilitoka 1772 bila yeye kuishika. Mwaka 1775 Sayer na mwenzake Bennett walitoa atlasi ya Marekani yenye jina la Jefferys.

Ukipata nafasi, rudi dukani umwombe mwenye duka akuruhusu uzipige picha kwa karibu barabara zilizo kwenye ramani. Nataka kuona kama barabara zilizozungushiwa ua zimechorwa tofauti na zilizo wazi.

Baba yako