Rudi ukapimwe hiyo tezi

Mwanangu,

Mama yako kanieleza jana usiku, tena kwa kusitasita, maana ulimwambia asiniambie. Sawa. Lakini shingo inayokuuma hadi kugeuka kitandani ni shida, hilo si la kufichana. Nimeona nikuandikie, kwa sababu nikipiga simu utasema "ndiyo baba" na habari itaishia hapo.

Nimezungumza na mjomba wako. Nilipomtajia maumivu ya mbele ya shingo, yanayopanda tayani hadi sikioni, yaliyoanza upande mmoja yakahamia wa pili, tena baada ya yale mafua yako makali, hakuuliza mengi. Alisema hizo ni dalili za tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo inayotengeneza homoni za kuendesha kasi ya mwili, kuvimba baada ya virusi. Ugonjwa huo daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliuandika tangu 1904, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni kitu kigeni. Si mjomba wala mimi wa kusema ndio huo. Ndiyo maana nasema upimwe.

Dozi ya kwanza ya antibayotiki aliyokupa daktari sikatai, mtu angeweza kudhani ni koo. Ya pili je? Bila kutolewa hata tone la damu? Antibayotiki hazitibu virusi. Na hilo la kuambiwa moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka kwa sababu ya mawazo ya kazi, mjomba wako alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Tezi ikivimba hivyo inamwaga homoni iliyokuwa imeiweka akiba, yote kwa mkupuo, na mwili unaenda kasi kuliko kawaida.

Unasimamia watu ofisini, nami hujisifu kwako hadi wenzangu wanachoka kunisikiliza. Mbona mbele ya daktari unakuwa bubu? Huko kunyamaza mbele ya wakubwa sijui umekutoa wapi. Mama yako anasema yeye anajua.

Basi rudi, uombe vipimo kwa majina yake: TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi, T4, homoni ya tezi yenyewe, na ESR, kipimo cha uvimbe mwilini. Hicho cha mwisho ni rahisi kabisa. Damu inasimamishwa ndani ya kijibomba chembamba kwa saa moja, kisha wanasoma chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Mjomba anasema katika ugonjwa huu huzama sana, mara nyingi hupita 50, na TSH huwa imeshuka. Na vile vidonge vyako vya nywele na kucha, acha kwanza na umwambie daktari ulikuwa ukivitumia. Vina bayotini, vitamini inayoweza kuharibu majibu ya homoni yakaonekana mengine kabisa. Siku zote nasema nywele zako hazina kasoro.

Andika dalili zako kwenye karatasi kabla ya kwenda. Pumu yako ya utotoni iwe mstari wa kwanza, kwa sababu dawa wanazotoa kutuliza mapigo ya moyo, kama propranolol, zinaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Ukiandikiwa dawa ya kuizuia tezi isitengeneze homoni, uliza kwa heshima kwa nini, maana kama ni ugonjwa huu tezi haitengenezi kupita kiasi, inavuja tu. Maumivu yenyewe hutulizwa na dawa za jamii ya ibuprofeni, na yakiwa makali hutolewa prednisolone, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe. Hiyo huleta nafuu ndani ya siku moja mbili, na hapo ndipo watu hujiachisha. Usijiachishe. Hupunguzwa kidogo kidogo kama daktari atakavyosema. Nakujua, ukipata nafuu unasahau hata vidonge viko mkoba gani.

Lakini ukiona homa inapanda na ngozi ya shingo imekuwa nyekundu na ya moto, au kumeza na kupumua kumekuwa kazi, usingoje miadi. Nenda dharura hata kama ni usiku wa manane.

Hapa nyumbani tangi la maji linavuja tena, fundi aliyelitengeneza hapokei simu. Mdogo wako kaahidi kuliziba mwenyewe, nami nimeficha ngazi. Miwani yangu ina nyufa, ndiyo maana mwandiko huu umepinda. Mama yako anataka nibadilishe, nasema bado naona.

Jambo jingine, nusura nilisahau: maumivu yakiisha usidhani yameisha yote. Akiba ya homoni ikishamwagika, tezi huweza kulegea kwa miezi kadhaa, ukachoka na kuhisi baridi bila sababu. Wengi hurudi sawa, wachache hubaki na upungufu na kuhitaji vidonge vya homoni. Kwa hiyo TSH hupimwa tena baada ya wiki kadhaa, na hilo nalo uliombe, usingoje uitwe.

Nenda wiki hii. Daktari yule akikunja uso, tafuta mwingine, ikiwezekana bingwa wa homoni. Nauli na gharama za vipimo nitachangia, usimwambie mama yako nimesema hivyo. Ukipata majibu, piga picha karatasi nzima umtumie mjomba, siyo namba moja uliyoipenda. Kisha unipigie mimi.

Baba yako