Wachina wa San Francisco walijua kuzikana

Mhariri,

Katika toleo la juma lililopita msomaji mmoja alituasa sisi Waafrika Mashariki tulioko Marekani tusije tukawa "kama Wachina", ambao kwa maelezo yake wamejifungia mitaani kwao na mahekalu yao na vyama vyao. Nimeishi Oakland, ng'ambo ya pili ya ghuba ya San Francisco, kwa miaka 19, na kazi yangu ya kuwahudumia wazee imeniingiza katika nyumba nyingi za Wachina. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu vyama anavyovibeza ndivyo tunavyovihitaji.

Wachina wengi wa mwanzo walitoka wilaya chache za Guangdong, kusini mwa China, baada ya dhahabu kuonekana California mwaka 1848. Kuanzia 1865 hadi 1869 maelfu yao walipasua milima ya Sierra Nevada kupitisha reli. Kazi zilipoadimika wakageuziwa kibao. Sheria ya 1875 ikawazuia wanawake wengi wa Kichina kuingia nchini, ya 1882 ikawafungia mlango vibarua, na kufuli hilo halikufunguliwa hadi 1943. Mhamiaji wa Kichina hakuweza hata kuomba uraia. Mtaa wa Wachina ukabaki wa wanaume peke yao, mume huku, mke na watoto kule, wakijuana kwa barua. Mtu wa hali hiyo akifa, nani wa kumlilia?

Chama cha watu wa wilaya yake. Mgeni aliposhuka melini alipokewa na mtu anayesema lahaja ya kwao, akaonyeshwa pa kulala, akatafutiwa kazi, jina lake likaingia daftarini. Vyama hivyo viliungana baadaye na watu wakaviita Kampuni Sita. Kwetu tungesema ni chama cha kufa na kuzikana. Vilikuwa na makosa yake, sikatai. Wakubwa wake walikuwa wafanyabiashara, na aliyetaka kurudi China alitakiwa kwanza kuonyesha cheti cha chama kwamba hadaiwi. Lakini maiti hawakumtupa.

Utaratibu wao wa mazishi ndio ulionigusa zaidi. Marehemu alizikwa California kwa miaka kadhaa, kisha chama kikatuma watu kufukua kaburi. Mifupa ilisafishwa, ikahesabiwa, ikawekwa katika sanduku lenye jina la mtu na kijiji chake, ikapakiwa melini hadi Hong Kong. Huko ilipokewa na hospitali ya Tung Wah, taasisi ya hisani iliyoanzishwa 1870, ikahifadhiwa mpaka ichukuliwe na wa kwao. Kibarua asiyejua kusoma, aliyefia kambini milimani, aliweza kurudi kulala karibu na baba yake, kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa mahali.

Msomaji huyo akifika San Francisco aende uwanja wa gofu wa Lincoln Park. Katikati ya nyasi zilizonyolewa limesimama lango la mawe lenye maandishi ya Kichina, na wacheza gofu wanalizunguka na fimbo zao. Hapo palikuwa makaburi ya jiji, na lango hilo ni la chama cha Kong Chow. Ndipo walipotolea sadaka kwa wafu wao. Maelfu ya waliozikwa pale, wa mataifa mbalimbali, hawakuhamishwa hata makaburi yalipofungwa. Nilisimama pale asubuhi moja ya ukungu nikashindwa kuondoka.

Akitoka hapo apande ngazi za hekalu la Tin How, mtaa wa Waverly Place, ghorofa za juu kabisa. Inasemekana lilianzishwa 1852. Moshi wa udi, machungwa yamepangwa madhabahuni, taa nyekundu zimejaa darini. Tin How ni mlinzi wa wasafiri wa baharini. Watu waliovuka Pasifiki walikwenda kumshukuru kwa kufika salama, na sisi wa pwani tunaojua dua ya safari hatuna sababu ya kulishangaa hilo. Na si wote walioabudu hivyo: kanisa la Wapresibiteri la Wachina lipo mjini humo tangu 1853.

Vita na Japani, kisha mapinduzi ya 1949, vilikata safari za mifupa. Wachina wakaanza kuzikana moja kwa moja huku huku. Bibi mmoja ninayemhudumia, mimi humwita Po Po kama wajukuu zake, alinichukua mwezi wa nne twende kaburi la mumewe huko Colma, mji wa makaburi kusini mwa San Francisco. Alipangusa jiwe kwa kitambaa kibichi, herufi moja baada ya nyingine, akaweka kuku mzima, vikombe vitatu vya chai na vijiti vya kulia, akainama mara tatu. Mjukuu wa miaka sita aliinama naye. Mtoto huyo anajua alipolala babu yake.

Sisi je? Mwaka juzi kijana wetu alifariki kwa ajali. Mwili ulikaa mochwari siku 23 tukizungusha mchango katika kundi la WhatsApp. Mama yake akipiga simu kutoka kijijini kila usiku kuuliza "mnamleta lini?", na mimi ndiye niliyekuwa nikipokea. Ndugu zetu Waislamu humzika mtu alikofia, tena upesi, na hapo wametutangulia. Wengine tunaanza kuhesabu dola siku ya msiba.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa jumuiya zetu waache kwanza mashindano ya sherehe za uhuru. Wafungue daftari: jina la kila mtu, kijiji chake, simu ya ndugu mmoja nyumbani, na kama anataka kurudishwa au kuzikwa huku. Mchango wa kila mwezi, hata dola kumi. Na wanunue makaburi machache yanayopakana, ili atakayezikwa huku asilale peke yake. Kuandika daftari hilo nitajitolea mimi, kila Jumapili baada ya kazi.

Msomaji wenu,
Oakland, California