Vijana wangu wa DNA na kompyuta, kwanza shikeni mkasi

Marahaba wanangu, hata kama hamjaniamkia. Hii barua ni ya wote, nyie wa kompyuta na nyie wa maabara, maana kila mmoja anakuja kwangu kivyake kumlalamikia mwenzake na mimi mzee nimechoka kuwa tarishi.

Kilichonikalisha chini niandike ni ile slaidi ya juzi iliyosema eti kukata na kuunga DNA kunaweza kufanya hesabu yoyote. Yoyote! Mwenye slaidi simtaji, anajijua. Nikamuuliza, kwa vimeng'enya vingapi, yaani zile protini zinazofanya kazi ya mkasi? Kimya.

Haya, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1987 mwanahesabu Tom Head aliangalia vile vimeng'enya vinavyokata DNA akaona mbona hii ni sarufi: una maneno ya herufi nne, A, C, G na T, una mkasi unaojua mahali pake pa kukata, una gundi ya kuunga kipande cha neno hili na kipande cha neno lile, basi unaanza na maneno machache na mikasi michache unakata unaunga unakata tena, na yote yanayoweza kuzaliwa humo ndo lugha yenyewe. (Wa maabara, mkisikia lugha rasmi msifikirie ile ya katiba, hapa ni fungu la maneno tu hata kama hayana maana.) Na msichanganye na Adleman, yule mwanasayansi wa kompyuta wa 1994 aliyetafuta njia kupitia vituo 7 kwa DNA ndani ya tyubu, ile ni habari nyingine na ilikuja miaka 7 baadaye.

Sasa chukueni karatasi, nasema karatasi sio laptop. Andikeni GGATCC kwenye ukanda mmoja na AGATCT kwenye mwingine. Mkasi wa BamHI (hilo ni jina la kimeng'enya) unakata ule wa kwanza baada ya G ya mwanzo, wa BglII, kimeng'enya kingine, unakata ule wa pili baada ya A ya mwanzo, na kwa kuwa DNA ina nyuzi mbili na mkasi haukati wima bali kwa ngazi, kila kipande kinabaki na mkia wa GATC unaning'inia. Mikia inafanana, kwa hiyo inashikana. Ungeni kipande cha mbele cha ukanda wa kwanza na kipande cha nyuma cha ukanda wa pili mnapata GGATCT. Tafuteni humo GGATCC, hamna. Tafuteni AGATCT, hamna! Mikasi miwili imezaa neno ambalo yenyewe haiwezi tena kuligusa pale lilipoungwa. Nilipoliona hili mara ya kwanza nililala saa nane usiku, siwafichi.

Alafu ndo tuje kwenye slaidi. Watafiti Culik na Harju walionyesha mwaka 1991 kwamba ukiwa na maneno ya kuanzia yenye idadi ya kikomo na kanuni za kukata na kuunga zenye idadi ya kikomo, utapata lugha regula tu, yaani zile ambazo otomata (mashine ya kufikirika) ndogo isiyo na daftari inazisoma ikikumbuka tu ipo hali gani. Hata kuhakiki kama mabano yaliyofunguliwa yote yamefungwa haiwezi.

Na wala sio lugha regula zote. Chukua lugha ya herufi a peke yake, idadi shufwa tu: mbili, nne, sita, kuendelea. Otomata ya hali tatu inaimaliza. Mkasi hauiwezi, na sababu mtoto anaielewa. Neno la a kumi halina alama, kila mahali katikati panafanana, kwa hiyo mkasi unaokata nakala moja baada ya a ya 3 utakata nakala nyingine baada ya a ya 4. Chukua 3 za huku na 6 za kule: 9. Umeshaharibu. Ukisema basi mkasi ukate maneno mafupi tu, lugha inaishia hapo haikui.

Najua kuna atakayeniletea mtafiti Păun, na kweli alionyesha kwamba ukiruhusu kanuni zisizo na mwisho, hata zikiwa zimepangwa kiregula, na mwishoni ukachagua maneno ya herufi fulani tu, unafika nguvu ya mashine ya Turing, ile ya kufikirika inayoweza hesabu yoyote ambayo kompyuta inaweza. Sawa mwanangu. Nionyeshe friji yenye vimeng'enya visivyo na mwisho.

Ndo maana nawaambia slaidi ianze na kisichowezekana, na mkae wawili wawili, mmoja wa maabara mmoja wa kompyuta. Watafiti Kari na Kopecki mwaka 2012 walithibitisha kuwa ukipewa lugha regula inawezekana kuamua kama mkasi unaweza kuizaa. Kila jozi ichague lugha moja ndogo ijaribu kwa mkono kabla ya kugusa programu yoyote, mniletee Jumamosi. Chai ipo, gundi ipo, mkasi kila mtu aje na wake maana wangu mama yenu kaufungia.