Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mtoto aliyechelewa kulia

Ndugu wanachama, mama zangu na baba zangu wa materniti za komini za Katuba, Kenya na Ruashi,

Hesabu za michango atawasomea mweka hazina. Mimi nina jambo moja, lile lililotushughulisha hapa Lubumbashi mwaka mzima: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, na mama yake anayeuliza, "Ubongo wake umeumia?"

Tulizoea kumjibu kwa alama za Apgar, zile anazopewa mtoto mara tu anapozaliwa. Tangu Virginia Apgar azichapishe mwaka 1953, alama hizo hueleza hali ya mtoto dakika ile ile. Ya kesho hazijui. Usiku mmoja, umeme umekatika, nilimpulizia mtoto kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, mpaka akalia. Nikamwambia mama, amepona. Kabla hakujapambazuka degedege likaanza. Hewa ikisharudi, ubongo huweza kutulia kwa saa kadhaa, kisha chembe zake zikaanza kufa upya. Sikulijua hilo, na uso wa yule mama ninao mpaka leo.

Kwa hiyo tulijifunza alama za Thompson, zilizochapishwa na madaktari wa Cape Town mwaka 1997. Hazitaki mashine. Kila siku unaangalia mambo 9: ulegevu wa mwili, fahamu, degedege, mkao, kushtuka, kushika kidole, kunyonya, kupumua na utosi. Jumla ya juu kabisa, iliyo mbaya zaidi, ni 22. Katika utafiti wao, mtoto ambaye hata siku yake mbaya zaidi hakupita 10 karibu kila mara alikua vizuri; waliofika 15 na kuendelea, wengi mno hali yao haikuwa njema. Katika yote 9, naweka uzito wa pekee kwenye kunyonya, maana mama ndiye huona shida yake kabla yetu.

Mliuliza pia kuhusu kumpoza mtoto mwili kwa saa 72 ili kuukinga ubongo wake, kama Ulaya. Utafiti wa mwaka 2021 kwa watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh ulionyesha vifo 42 kwa kila 100 waliopozwa, dhidi ya 31 kwa wasiopozwa. Kamati ilikataa, nami nawasihi: asiwepo wa kujaribu na barafu.

Daftari za alama ziko kwa katibu. Kila materniti ichukue moja leo, na mtoto aliyechelewa kulia ahesabiwe alama zake kila siku hadi siku ya 7, hata yule anayeonekana mzima.