Malalamiko kuhusu saa ya kuzamia iliyoingia maji, nami nikaambiwa kosa ni langu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: SAA YA OTOMATIKI YA MITA 200 ILIYOINGIA MAJI, NA KUKATALIWA KWA WARANTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza niliziandika kwa ufupi, nikiamini kwamba jambo lenyewe linajieleza: saa iliyouzwa kuwa ya kuzamia imeingia maji. Majibu yenu yote mawili hayakuigusa hoja hiyo. Safari hii nitaeleza kila kitu, na ninaomba barua imfikie mtu anayezijua saa.

Mimi ni mwalimu wa kuogelea. Kwa miaka mingi nimevaa saa za betri za plastiki, ikifa moja nanunua nyingine. Nilichoka. Nilitaka saa ya kudumu, inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, ambayo haifunguliwi mgongo kila betri inapoisha, maana kila mara saa inapofunguliwa ndipo mpira wake wa kuzuia maji hupata nafasi ya kukaa vibaya. Nilitaka pia ile pete inayozunguka kioo. Wengi huiona pambo, lakini kwangu ni chombo cha kazi. Mwanafunzi anapoanza zoezi, naigeuza ile alama ya pembetatu ikabiliane na mshale wa dakika, basi sina haja tena ya kukumbuka tulianza lini. Kwa mzamiaji mwenye mtungi jambo ni zito zaidi, kwa kuwa anahesabu hewa yake. Ndiyo maana pete hiyo inageuka upande mmoja tu. Ikigongwa kwa bahati mbaya, itamwonyesha kwamba amekaa chini ya maji muda mrefu kuliko alivyokaa kweli, naye atapanda juu mapema badala ya kuchelewa. Kitu kilichofikiriwa kwa uangalifu namna hiyo ninakiheshimu, na ndiyo sababu sikutaka saa inayofanana tu na ya kuzamia. Nilitaka saa ya kuzamia.

Niliweka akiba kwa miezi saba. Nilisoma maelezo yenu neno kwa neno kabla ya kulipa, na nilijua ninachonunua. Mliandika kioo ni cha madini, si cha yakuti, nikakubali kwamba mchanga utakichora. Mliandika mashine yake inaweza kupoteza hadi sekunde 20 au kuzidisha hadi sekunde 40 kwa siku, na kwamba springi yake ikijaa huendelea kwenda kwa saa 41 bila kuvaliwa. Nikakubali vilevile. Ilipofika ilikuwa ikizidisha sekunde 17 kwa siku, yaani imo ndani ya ahadi yenu, na sina neno juu ya hilo. Pete ilikuwa imekaa kando ya alama ya 12 kwa mlio mmoja, yaani hatua moja ya kugeuka kwake. Kwa pete ya milio 120 hiyo ni nusu dakika, na kwa kazi yangu nusu dakika inavumilika, ingawa anayehesabu hewa asingepaswa kuvumilia. Nilinyamaza.

Kwa kweli niliipenda. Usiku nilikuwa nikiamka, naona alama zake zinang'aa gizani kama nilivyoziacha jioni, na ule mshale wa sekunde ukipita taratibu bila kuruka. Nasema haya ili mjue kwamba hamwandikiwi na mtu aliyekuwa akitafuta sababu ya kurudisha bidhaa.

Siku ya 23 niliingia nayo bwawani. Hadi siku hiyo ilikuwa haijagusa maji zaidi ya yale ya kunawa. Kifundo cha pembeni, kile cha kurekebishia saa, nilikikaza kwa skrubu yake hadi mwisho, nikakijaribu tena kwa kidole kabla ya kuingia, kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza ninalowakumbusha wanafunzi wenye saa za aina hii. Kina cha bwawa hakizidi mita 2. Nilikaa humo kiasi cha dakika 40. Nilipotoka, ukungu ulikuwa umeanza upande wa dirisha la tarehe, na kufika jioni ulikuwa umefunika nusu ya kioo kwa ndani.

Niliwaandikia siku hiyohiyo, na picha nikatuma. Mlijibu baada ya siku 19.

Naomba mlitafakari hili, kwa kuwa ndilo lililoniumiza kuliko ule ukungu. Ndani ya saa ya otomatiki kuna springi, ekseli na skrubu za chuma ambazo nyingine ni nyembamba kuliko sindano. Maji yakiingia, kila siku inayopita kutu inapata mahali pa kuanzia. Fundi akiifungua mapema, akaikausha, akaisafisha na kuitia mafuta upya, huenda ikapona. Sikuthubutu kuifungua, kwa sababu karatasi yenu ya waranti inasema atakayeifungua nje ya karakana zenu amejifutia haki. Kwa hiyo nilikaa na saa inayooza mezani, nikisubiri ruhusa ya kuiokoa. Katika wiki ya pili ilianza kuchelewa kwa dakika nne kwa siku. Kabla jibu lenu halijafika, doa la rangi ya kutu lilikuwa limetokea pale mishale inaposhikana, na saa ikasimama.

Jibu lenyewe lilikuwa na mambo matatu.

La kwanza ni kwamba unyevu hauhusiki na waranti, kwa kuwa hutokana na matumizi ya mteja. Ndugu Meneja, kwenye uso wa saa hii mmeandika DIVER'S 200 m, yaani saa ya mzamiaji, mita 200. Hamkuandika kwamba inastahimili maji tu. Mmeandika neno ambalo kwa watu wa saa lina maana yake. Linatokana na kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji, ISO 6425, ambacho hakiruhusu kuchukua saa chache za mfano kutoka kiwandani na kuzisemea nyingine zote kuhusu maji. Kila saa hupimwa, na hupimwa kwa presha iliyozidi ile iliyoandikwa kwa asilimia 25. Kwa saa ya mita 200, yaani bari 20 (bari ni kipimo cha presha, na moja ni kama mita 10 za maji), hiyo ni bari 25. Mkiliandika neno hilo mnaniambia kwamba saa hii iliyo mkononi mwangu, yenye namba hii mgongoni, ilipita kipimo hicho. Haiwezekani basi kampuni ileile iseme kwamba maji ni matumizi mabaya. Hayo ndiyo matumizi mliyoniuzia.

La pili, mhudumu wenu aliandika kwamba mikono ya mwogeleaji inapopiga maji huongeza presha mara nyingi, kwa hiyo mita 200 za maabara si mita 200 za bwawani. Maelezo haya nimeyasikia mara nyingi na najua yanaaminika, lakini hesabu yake haifiki huko. Mita 2 za maji ni takriban bari 0.2. Mkono ukikata maji kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, na huo ni mwendo mkubwa kuliko wangu, presha inayoongezeka ni kama bari 0.125, sawa na kuishusha saa kwa mita moja na robo zaidi. Jumlisha vyote viwili, hamfiki hata nusu ya bari moja. Saa ilitakiwa kuhimili 20. Hapa hakuna suala la kuzidisha kiwango kidogo. Saa hii ilikuwa wazi kwa maji.

Na kwamba ilikuwa wazi nimelithibitisha bila kuifungua. Niliipeleka kwa fundi saa mwenye mashine ya kupima kwa presha ya hewa, ile isiyohitaji maji wala kufungua mfuniko. Ilishindwa kwenye bari 3. Karatasi ya kipimo nimeiambatisha. Fundi aliikagua kwa lensi akaonyesha kwamba mfuniko wa nyuma umekaa kwa mshazari kidogo. Kwa maoni yake oringi, yaani ule mpira wa kuzuia maji, imebanwa upande mmoja tangu ilipofungwa kiwandani. Sitaki kuligeuza neno lake kuwa hukumu, kwani hakuifungua. Karakana yenu ndiyo yenye uwezo wa kusema, na ndiyo iliyokataa kuipokea.

La tatu sikulitarajia. Mhudumu alimalizia kwa kunishauri kwamba kwa bei niliyolipa nisitarajie uimara wa saa za majina makubwa, na kwamba niivue kila ninapokaribia maji.

Hili nimelifikiria kwa siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Bei ndogo naielewa. Inaondoa yakuti kwenye kioo, inaondoa mapambo kwenye mashine, inafanya mkanda uwe wa bati jepesi lililokunjwa, inaleta mashine ya mapigo 6 kwa sekunde badala ya 8, isiyorekebishwa kwa mikao mingi ya saa, ikilala au ikisimama. Yote hayo ni haki yenu kupunguza, na yote mliyasema wazi. Ila maandishi ya usoni hayana toleo la bei nafuu. Oringi ya mpira ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa ndani ya saa, na kuikaza sawasawa ni kazi ya mikono iliyo makini. Kama hamuwezi kupima kila saa kwa bei hiyo, lifuteni neno lile, andikeni kwamba ni saa ya kawaida yenye sura ya kuzamia, na watu kama mimi tutachagua tukijua. Wapo wengi watakaoinunua hivyohivyo, kwa kuwa ni nzuri. Lakini yupo pia kijana atakayeweka akiba kama nilivyoweka mimi, aliamini neno lile, ashuke nayo mita 18 akihesabu hewa yake kwa pete na mshale, huku mashine ikisimama mkononi mwake. Nafundisha vijana wa namna hiyo. Siwezi kulinyamazia jambo hili kama nilivyoinyamazia pete iliyokaa kando.

Ninachoomba ni hiki. Nitumieni kumbukumbu ya kipimo cha presha cha saa yangu. Namba yake ya mgongoni nimeiandika kwenye fomu ya waranti iliyoambatishwa. Ikiwa kumbukumbu hiyo ipo, ipokeeni saa, ifunguliwe na karakana yenu, nami niandikiwe kilichoonekana ndani. Ikiwa haipo, nibadilishieni saa kwa nyingine iliyopimwa kweli, ikija na karatasi yake, au mnirudishie fedha yangu yote pamoja na gharama ya fundi. Ningependelea kubadilishiwa. Bado naitaka saa hii, ikiwa ndiyo ile mliyoieleza.

Natarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Nikilikosa, nitayapeleka malalamiko haya pamoja na viambatisho vyake kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji.

Saa ipo kwenye boksi lake, kioo kikitazama juu, kifundo kikiwa kimekazwa vilevile kama kilivyokuwa siku ile. Sijaifungua. Mtakapoituma karakana, wataikuta haijafunguliwa tangu ilipotoka bwawani.

Wenu katika kusubiri,

Mteja wenu, mwalimu wa kuogelea.